Geuza Utazame Nyuma

Kila Jumapili asubuhi, kabla hatujavaa viatu vya kwenda kanisani, mama alitupanga mlangoni na kutukagua mmoja mmoja. Uso hakuutazama. Uso, alisema, kila mtoto huunawa kwa kuwa anajua utaonekana. Alilishika sikio kwa vidole viwili, akalikunja mbele, akachungulia nyuma yake, pale vumbi linapojificha. Aliyekutwa nalo alirudishwa kwenye karai, na maji ya milimani mwezi wa Julai yanauma kama siafu.

Tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yangu imepita katika kazi hiyohiyo ya kushika masikio na kuchungulia nyuma. Masikio yenyewe ni ya namna mbili. Ya kwanza huota kinamasini, ya kijani, yakiwa juu ya mabua marefu. Ya pili hutembea nyikani yamepakwa udongo mwekundu. Waingereza wameyapa jina moja: mmea ule nao wanauita masikio ya ndovu. Sisi tunauita nduma. Watu wa pwani husema majimbi, na ndugu zetu wa Tanzania magimbi.

Kwetu ni vilima vya Taita, upande wa Wundanyi. Ukisafiri kati ya Mombasa na Nairobi utaviona ukiwa karibu na Voi, vimesimama peke yao katikati ya nyika, mara nyingi vimefunikwa na mawingu. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Vuria, kina mita 2,208. Huko juu kuna baridi, ukungu na chemchemi. Chini, pande karibu zote, ni Tsavo, iliyotengwa kuwa mbuga mwaka 1948: joto, miiba, na ndovu wenye rangi ya udongo. Familia nyingi za Kitaita zilikuwa na shamba la juu na shamba la chini, ili mvua ikinyima upande mmoja upande wa pili uokoe. Shamba letu la juu lilikuwa la nyanya, mama yake baba. La chini, kwenye nyika ya Voi, lilikuwa la baba. Kwa hiyo nilikulia katikati ya nduma na ndovu, nikipanda na kushuka na kikapu.

Nduma za nyanya ziliota bondeni, kando ya kijito, mahali ambapo mguu ulizama hadi kwenye kifundo. Alfajiri kila jani lilikuwa na tone moja limening'inia kwenye ncha. Nilidhani ni umande. Lakini umande hutanda kila mahali, nalo tone lile lilikaa palepale kwenye ncha, likidondoka lilifuatwa na jingine. Nduma hunywa usiku kucha, na hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yaliyozidi hayana njia isipokuwa kuchuruzika kwenye ncha ya jani. Tuliyakinga kwa viganja. Juu ya jani lenyewe maji hayakai. Yanajikusanya kuwa vitufe, yanabingirika kama gololi, na jani linabaki kavu kana kwamba halijawahi kunyeshewa. Tulicheza mchezo huo mpaka tukaitwa mara ya tatu.

Nyanya hakuona mchezo wowote katika jani lile. Yeye alilisoma. Alipita kwenye mistari ya nduma akiligeuza jani moja hapa, jingine pale, na kutazama mgongo wake. Mgongoni ndipo wadudu wanapojibanza. Mgongoni pia ndipo alipotofautisha mmea na mmea. Siku moja jirani alileta miche aliyopewa sokoni, mikubwa, yenye majani ya kutamanisha. Nyanya aligeuza jani akanionyesha kwa ukucha: bua lake liliingia moja kwa moja kwenye pengo la ukingo. Kisha akageuza jani la kwake. Bua halikufika kwenye ukingo. Lilishika katikati ya mgongo, ndani kidogo, hivi kwamba ukitazama kutoka juu unaona alama ndogo tu, kama kitovu.

"Usitazame ukubwa wa jani, mjukuu wangu," aliniambia. "Geuza utazame nyuma."

Ule wa jirani nao huliwa. Asili yake ni Amerika ya joto, nao hautaki kusimama majini. Ukiupanda kinamasini unaoza. Nduma ya nyanya ilitoka Asia, ikavuka bahari zamani mno, na maji ndiyo makao yake. Wamisri nao wanaila, wanaiita kulkasi. Ipo na ya tatu, ile ya mapambo inayouzwa kwenye vyungu kando ya barabara za Nairobi, inayoinua ncha ya jani juu badala ya kuiinamisha. Hiyo si ya kutia chunguni kabisa. Mtu asiyegeuza jani huona zote tatu ni kitu kimoja, na makosa yake huyaonja mdomoni.

Mimi nilikosa na nduma halisi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nyanya alikuwa na wageni, akina mama wa chama chake, na akaniachia sufuria jikoni. Kuni zilikuwa mbichi, moto ulisinzia, na mimi nilitaka kwenda kucheza. Nilichoma kijiti kwenye nduma ya juu, kikaingia, nikaipua. Nduma za chini, zile kubwa, sikuzigeuza. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alikula kipande, akanyamaza, akashika koo. Midomo ilimvimba. Alipewa maziwa, akanywa huku machozi yanamtoka, na hakunisema hata neno moja, jambo ambalo liliniumiza kuliko kofi.

Kesho yake nyanya alinipeleka bondeni. Akang'oa nduma moja, akaikata, akaupitisha upande uliokatwa kwenye ngozi laini ya mkono wangu. Nilijikuna mpaka jioni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndani ya nduma mbichi mna fuwele ndogo sana za oksalati ya kalsiamu, zenye umbo la sindano, zimefungwa kwa matita. Ukitafuna zinachoma ulimi na koo. Moto wa kutosha ndio unaouondoa ukali huo. Nyanya hakujua habari ya fuwele. Alijua muda. "Hiki chakula hakitaki haraka," alisema, na tangu siku ile sijawahi kuipua nduma kabla ya kuchoma iliyo chini kabisa ya sufuria.

Somo la ndovu lilitoka kwa baba, njiani, nyuma ya baiskeli.

Tulikuwa tukishuka na gunia la nduma za kuuza Voi. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Baba alifunga breki ghafla, gunia likanisukuma mgongoni. Mbele yetu, kama hatua arobaini, barabara ilikuwa imezibwa. Kwanza sikuona mnyama, niliona ukuta wa rangi ya barabara yenyewe. Halafu ukuta ule ukapanuka. Ndovu alikuwa ametukabili na kuyafungua masikio yake yote mawili, na upana wake ukawa mara mbili ya ulivyokuwa. Akatikisa kichwa. Masikio yakapiga shingo kwa sauti ya kanga nzito iliyolowa ikikung'utwa, na vumbi jekundu likaruka likatufikia.

Baba hakukimbia. Alishuka polepole, akashika usukani kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine. Akaninong'oneza: "Tazama masikio. Akiyafungua hivyo anauliza wewe ni nani. Akiyalaza nyuma na kuukunja mkonga, mazungumzo yamekwisha." Tulirudi kinyumenyume. Ndovu alitupima, akapiga hatua mbili, akasimama, kisha masikio yakalegea na kuanza kupepea kwa utaratibu, kama mtu anayejipepea kwa ukili akisubiri chai. Akaingia vichakani. Nimefanya kazi na ndovu baadaye, najua sasa kwamba maneno ya baba hayatimii kila mara, kwa kuwa wapo wanaokuja kweli huku masikio yakiwa wazi. Lakini yalitutosha asubuhi ile.

Baba hakuwapenda. Sitaki msomaji adhani nilikulia katika nyumba ya watetezi wa wanyama. Usiku wa mavuno tulilala kwa zamu, kila mmoja na debe na rungu la kulipigia, na bado mwaka mmoja waliingia saa tisa za usiku wakala mahindi yote kasoro mistari mitatu. Baba alijaza fomu ya malalamiko, akaipeleka ofisini kwa mkono wake, akapanga foleni mara tatu, na hakuna aliyemjibu mpaka leo. Katika mazungumzo yake ndovu hawakuwa na umbo wala umri. Walikuwa "wao". Wao wamekuja, wao wamekula, wao wapigwe risasi waishe.

Na kweli walikuwa wanapigwa. Miaka ile ya 1980 majangili walimaliza Tsavo. Tulisikia milio kutoka upande wa mbuga, na upepo ulipogeuka tulisikia harufu. Kufikia mwaka 1988 waliohesabiwa hai katika Tsavo yote, na maeneo yanayoizunguka, walizidi 5,000 kidogo tu, ilhali miaka ishirini nyuma walikuwa makumi ya maelfu. Julai 1989 Rais Moi alizichoma moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, na Oktoba mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake. Nakumbuka baba akitazama picha ya ule moto gazetini. Alikunja gazeti, akasema, "Na mahindi yangu?" Lilikuwa swali la haki.

Kazi niliipata mwaka 1998, ya kuandika kumbukumbu za ndovu kwa kundi dogo la watafiti. Nilidhani nitaandika idadi. Siku ya kwanza nilipewa penseli na rundo la karatasi zilizochapishwa kichwa cha ndovu kisicho na masikio. Masikio nilitakiwa kuyachora mimi.

Ndovu hutambulikana kwa masikio yake kama sisi tunavyotambulikana kwa sura. Iain Douglas-Hamilton alilithibitisha hilo Manyara, Tanzania, kuanzia mwaka 1965, akiwatambua ndovu wa huko mmoja mmoja, na Cynthia Moss akaanza kazi kama hiyo Amboseli mwaka 1972. Miiba huchana ukingo wa sikio, pembe za wenzao hutoboa, na kila alama hubaki maisha yote. Mishipa ya damu nayo ina ramani yake, na ndovu wawili hawalingani. Kwa hiyo unakaa garini na darubini, unasubiri ndovu ageuke, unachora la kushoto, unasubiri tena, unachora la kulia. Mwezi wa kwanza niliona masikio yote ni sawa. Mwezi wa tatu nilianza kuwaota usiku.

Wa kwanza kumjua bila karatasi alikuwa jike mzima wa makamo. Ukingo wa chini wa sikio lake la kushoto ulichanika sehemu mbili karibukaribu, na kipande cha katikati kikawa kinaning'inia kama pindo la gauni lililofumuka. Nikamwita Pindo. Alikuwa na ndama wa kike aliyependa kusimama chini ya sikio lile wakati wa jua kali.

Likizo moja nilikuja nyumbani na daftari. Baba alikuwa ameketi barazani. Alilifungua bila kuomba, akageuza kurasa kimya kimya, kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye orodha ya hospitali. Mwishowe akauliza: "Wa shamba letu yumo?"

Alikuwemo. Tulimjua kutokana na nyayo na kutokana na mashahidi wa mashamba matano. Kwa kweli walikuwa wawili, madume, maana madume ndio hupenda kujaribu bahati yao mashambani. Mmoja alikuwa na tundu la mviringo, ukubwa wa sarafu, karibu na katikati ya sikio la kulia. Ukimtazama jua likiwa nyuma yake, mwanga ulipita. Nikamwonyesha ukurasa. Baba akaweka kidole juu ya tundu lile, akakiacha hapo.

"Wawili tu?" akaniuliza.

"Wawili tu, baba."

Alinyamaza muda mrefu. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amechukia maelfu kwa mahindi yaliyoliwa na wawili. Sitasema alianza kuwapenda. Lakini neno "wao" lilipungua. Alianza kusema "Tundu amepita kwa jirani," "Tundu ameonekana mtoni," kama asemavyo mtu juu ya kijana mkorofi wa mtaa ambaye wazazi wake anawajua. Na mtu unayemjua unaweza kupanga namna ya kuishi naye. Majirani wa Sagalla walipoanza kuzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa njia aliyoibuni mtafiti Lucy King, baba alikwenda kuona kwa macho yake. Mizinga inatundikwa kila baada ya mita kama kumi, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki hutafuta penye wembamba: pembeni mwa macho, ndani ya mkonga, nyuma ya sikio. Akisikia tu mvumo wao anatikisa kichwa na kuondoka. Baba alirudi na chupa ya asali, akaiweka mezani, akasema nyuki wana akili.

Nyuma ya sikio. Mimi mwenyewe nilifika huko mara moja tu, na mkono wangu haujasahau.

Pindo alionekana akichechemea, mshale umemwingia ubavuni na jeraha limetunga usaha. Daktari wa wanyama akaitwa. Dawa ya usingizi ya ndovu ni kali kiasi kwamba tone likimwingia mtu linaweza kumuua, kwa hiyo kila mmoja wetu alipangiwa mahali pa kusimama na kazi yake. Kazi yangu ilikuwa sikio. Alipolala kwa ubavu, wenzake wakafukuzwa kwa gari, askari mmoja akaweka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa isizibe, nami nikaambiwa nikunje sikio mbele lifunike jicho, jua lisimchome kwa kuwa hawezi kupepesa.

Nililishika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, zito kuliko gunia la nduma, na lilikuwa moto. Penye shina lake ni nene kama godoro, lakini mkono ukisogea kwenda ukingoni unafika mahali ambapo unashika kitu chembamba kama kitabu cha shule. Mbele ngozi ni ya mikunjo na udongo uliokauka. Nikalikunja, na upande wa nyuma ukanifungukia: ngozi laini, karibu ya mtoto, na mishipa. Ilitoka penye shina ikiwa minene kama kidole, ikagawanyika, ikagawanyika tena, mpaka ikapotea ukingoni. Nikaona bonde la nyanya. Sikulikumbuka tu, niliona kabisa ukucha wake ukifuata mshipa wa jani, na nikasikia sauti yake ikiniambia nigeuze.

Daktari alichoma sindano kwenye mmoja wa mishipa ile akachota damu. Kisha akaniita niongeze maji. "Mwagia hapo nyuma, usiache," alisema. "Hapo ndipo anapopumzikia." Akanieleza huku anasafisha jeraha. Kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, ndivyo ngozi inavyokuwa haba ukilinganisha na nyama iliyomo ndani, na joto linakosa pa kutokea. Ndovu hatoki jasho kama sisi. Tezi za jasho anazo kandokando ya kucha za miguu tu. Basi analipeleka joto masikioni. Damu moto inasukumwa kwenye mishipa ile iliyo juujuu, masikio yanapepea, upepo unapita, na damu inarudi mwilini imepoa nyuzi kadhaa. Masikio yote mawili, mbele na nyuma, ni karibu sehemu moja kwa tano ya ngozi yote ya ndovu wetu wa nyika. Wa misitu ya Kongo, anayeishi kivulini, ana masikio madogo zaidi ya mviringo; wa Asia madogo zaidi.

Nilimwaga maji, mtungi baada ya mtungi. Chini ya kiganja changu kulikuwa na mpigo, wa polepole, wenye nguvu. Nilitambua kwamba uzima wote wa mnyama yule, mlima wote ule, unategemea kitu chembamba ninachoweza kukikunja kwa mikono yangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya baiskeli.

Dawa ya kumwamsha ilichomwa palepale, kwenye mshipa wa nyuma ya sikio. Tulikimbilia garini. Dakika chache zikapita. Kitu cha kwanza kutikisika kilikuwa sikio: likainuka kidogo, likaanguka, likainuka tena. Kisha akaamka mzima kwa mkupuo mmoja, akasimama, akayafungua masikio na kutugeukia. Akatuuliza sisi ni nani. Hatukujibu. Kutoka mbali, ambako hatukuwaona, wenzake walikuwa wanamwita, maana alitulia ghafla, masikio yakiwa wazi lakini hayapepei, akisikiliza kitu ambacho masikio yetu hayakipati.

Habari hiyo ya sauti nilikuja kuielewa baadaye. Katy Payne aliihisi mwaka 1984 kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani: hewa ikitetema karibu na ndovu ingawa hakusikia kitu. Wanazungumza kwa sauti nzito iliyo chini ya uwezo wa sikio la mtu, na inasafiri kilomita kadhaa. Na wanatusikia na sisi. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kutoka Amboseli ulionyesha kwamba wakichezewa sauti za wanaume wa Kimaasai huogopa zaidi kuliko za wanaume wa Kikamba, na sauti za wanawake na watoto wa Kimaasai haziwatishi vilevile. Kabila, jinsia na umri, wanavipata katika sentensi moja. Mwaka 2024 wengine wakachapisha ushahidi kwamba huitana kwa miito inayofanana na majina. Sikushangaa. Tuliowaita majina kwa miaka hiyo yote tulikuwa tumechelewa tu kufikiria kwamba nao wanayo.

Nyanya alifariki mwaka 2019. Halafu mvua zikagoma, msimu baada ya msimu, mpaka mwisho wa 2022. Huko chini ndovu walikufa. Katika Kenya nzima serikali ilitangaza zaidi ya 200 kati ya Februari na Oktoba mwaka huo. Niliacha kazi ya mbugani kabla ya hapo, lakini nilikuwa napigiwa simu. Pindo hakuwa ameonekana tangu Juni.

Nilipanda Wundanyi Desemba. Bonde la nyanya lilikuwa limepasuka. Juu yake, penye chanzo cha chemchemi, mtu alikuwa amepanda mikaratusi, iliyonawiri vizuri sana. Kijito kile kilikuwa kimoja kati ya vingi vinavyoteremka kutoka vilima vyetu na kuwa mto Voi, ule unaoingia Tsavo Mashariki na kulijaza bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952. Maji yaliyodondoka kwenye ncha za nduma za nyanya ndiyo yaleyale waliyoyasubiri ndovu kule chini. Nimefanya kazi pande zote mbili za mto huo, na sikuwahi kuliunganisha jambo hilo mpaka niliposimama kwenye udongo mkavu na viatu visafi.

Nduma zilibaki nane, kwenye shimo dogo chini ya jiwe. Majani yalikuwa madogo, ukubwa wa kiganja. Niligeuza moja baada ya jingine. Migongo ilikuwa safi. Nikang'oa tano, nikakata vichwa na kuacha kipande cha bua, kama alivyonifundisha, nikavifunga kwenye gunia lenye maji. Nduma haipandwi kwa mbegu kwetu. Kichwa kinakatwa, kinarudishwa ardhini, na mmea uleule unaendelea. Zile alizopanda nyanya alipewa na mama mkwe wake. Yeye naye alipewa. Ni mmea mmoja ambao wanawake wamekuwa wakipokezana mikononi, na kwa karibu nusu saa ulikuwa garini kwangu, kwenye kiti cha mbele.

Ndugu zangu wawili na mimi tumekaa na mwenye mikaratusi mara nne. Amekubali kuing'oa ile iliyo hatua ishirini kutoka kwenye chanzo. Iliyobaki bado tunazungumza, na sitaacha.

Mvua zilirudi mwaka 2023. Asubuhi moja, nikiwa jikoni, simu ikalia ujumbe kutoka kwa kijana aliyerithi daftari langu. Ilikuwa picha, imepigwa mbali, kando ya maji: majike watano wamejipaka tope, na ndama wawili. Hakuandika kitu. Nikaipanua kwa vidole, nikapita sura ya kwanza, ya pili. Wa tatu alikuwa ametoa upande wa kushoto. Tope lilikuwa limekauka juu ya sikio, lakini chini, penye ukingo, niliona mchaniko mmoja, halafu wa pili, na kati yao kile kipande kinachoning'inia. Juu yake palikuwa na mchaniko wa tatu, mpya, ambao sikuuchora mimi.

Nikatafuta penseli.